Merikebu Zilizochomwa

Riwaya ya Gore Vidal iitwayo Julian, iliyotoka mwaka 1964, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama vijana wasomavyo hadithi za vita, nikiruka kurasa za falsafa ili niwahi mapigano. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha kumzika kaka yangu, na sikuruka ukurasa hata mmoja.

Julian aliitawala dola ya Roma tangu mwaka 361 hadi 363. Jamaa zake wengi waliuawa mwaka 337, yeye akiwa mtoto mdogo. Akakulia chini ya macho ya walinzi, akavipenda vitabu, na kwa siri akaiacha dini ya Kikristo, akairudia miungu ya kale. Alipopata enzi alitaka dola nzima irudi pamoja naye. Kisha akaondoka kwenda kupigana na Waajemi wa mfalme Shapur wa Pili, na huko akachomwa mkuki, akafa mwezi Juni 363. Hiyo ni historia. Kazi ya Vidal ni namna alivyoisimulia.

Na namna yenyewe ni tamu. Julian anaandika kumbukumbu zake, na wazee wawili waliomfahamu, Libanius na Priscus, wanazisoma miaka mingi baada ya kifo chake, wakiandikiana barua na kutia maneno yao pembeni. Libanius anaomboleza, Priscus anakejeli. Julian akieleza kwa unyenyekevu ajabu fulani aliyofanyiwa na Maximus wa Efeso, yule mjuzi wa mambo ya siri, Priscus anaingilia kwa sentensi moja kavu na ajabu yote inageuka kuwa kiini macho. Msomaji anacheka. Mimi nilicheka sana.

Huyo Maximus ndiye aliyemsadikisha Julian kwamba roho ya Alexander Mkuu imo ndani yake. Sasa mtu anayejiona Alexander atakaa kuhesabu magunia ya nafaka? Karibu na Ctesiphon, kandokando ya mto Tigri, Julian aliamuru merikebu zake zichomwe moto. Zilikuwa zaidi ya elfu moja, na zilizosalia ni chache tu, za kutengenezea madaraja. Sababu za kijeshi zilikuwapo, tusimwonee: kuzivuta kupanda mto kungewachosha watu wengi, na kuziacha kungemnufaisha adui. Lakini chakula kiliteketea pamoja nazo, na Waajemi nao wakayachoma mashamba yaliyokuwa mbele yake.

Hao Waajemi ndio upungufu mkubwa wa riwaya hii. Tunauona moshi wao, tembo wao, mishale yao, lakini sauti yao hatuisikii. Kitabu kinachotetea kwa nguvu hivyo haki ya kila mtu kuabudu apendavyo kinafika nchi ya Zoroaster na hakimwulizi mtu swali. Nadhani Vidal mwenyewe aliliona pengo hilo, maana mwaka 1981 alitoa Creation, ambayo msimulizi wake ni mjukuu wa Zoroaster, mzee kipofu aliyeko Athene, asiyevumilia kuwasikia Wagiriki wakijisifu. Hiyo ni karne nyingi kabla ya Julian, lakini deni lililipwa.

Nirudi kwa Priscus. Kaka yangu alikuwa na lori, na lori hilo ndilo lililotusomesha. Akatokea mganga akamwambia kwamba katika shamba letu imefukiwa mali ya Mjerumani, masanduku ya rupia, na kwamba mizimu imemchagua yeye aichimbue. Kaka aliuza lori kulipia kafara na vibarua. Nami nilikuwapo. Jioni nilikuwa nikiwachekesha rafiki zangu kwa kumwigiza yule mganga, anavyonusa udongo na kugeuza macho, na walivunjika mbavu. Kaka mwenyewe sikumwambia neno. Alikuwa mkubwa wangu, na nilijiambia kwamba hiyo ni heshima.

Kwa hiyo safari ya pili sikuweza kucheka na Priscus. Historia inasema alikuwamo katika msafara ule; Julian alipokuwa akikata roho hemani, Priscus na Maximus walikuwa kando yake, wakizungumza naye habari za utukufu wa roho. Maneno makali Vidal aliyompa ni ya mzee anayeandika wakati ambapo hayamgharimu kitu tena. Je, merikebu zilipokuwa zikiwaka alisimama wapi? Riwaya inamwacha apite na swali hilo kwa sababu anachekesha, na hapo naona Vidal alimpenda mno mhusika wake.

Nakala yangu ni ileile. Pembeni mwa maneno ya Priscus kuna mistari ya penseli niliyoipiga ujanani, na mahali pengine nimeandika "safi sana". Mashimo ya kaka bado yapo shambani. Masika yakijaa maji, watoto hukatazwa kwenda upande ule.