Hofu ya Walio Chombo Kimoja: Usiku Mmoja na Mothership



Najua wapo watakaoshangaa mtu wa miaka hamsini na ushei, ambaye kazi yake ni kusahihisha tasnifu za watu, kukesha hadi alfajiri akijifanya kuli wa chombo cha anga za juu. Wacheke tu, mie mwenyewe nilicheka mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Toronto kunieleza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba wamepungukiwa mchezaji mmoja. Kijana huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa lugha nyingine, na kwa miaka kadhaa sasa mazungumzo yetu hayavuki salamu na habari za mama yake. Nikakubali kwa ajili yake. Sikuwa na haja na mchezo.

Kwa asiyejua: hamna ubao wala picha zinazokimbia kwenye skrini. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake anayemsemea, na pale penye shaka dadu ndiyo inayoamua. Ukoo huu ulianza na Dungeons & Dragons mwaka 1974, ukapanda angani na Traveller mwaka 1977, ukaingia kwenye utisho na Call of Cthulhu mwaka 1981. Mothership ni mjukuu. Kaitunga Mmarekani Sean McCoy, na kijitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2018. Kisa tulichocheza kinaitwa The Haunting of Ypsilon 14, na chote kimeenea kwenye karatasi moja ya kukunja: mgodi ndani ya asteroidi, wafanyakazi wachache, mmoja hajulikani alipo. Aliyemchukua simtaji, maana huenda na nyinyi mkacheza.

Najua pia kuna wenzetu watakaokimbilia kusema, aa, hizi si ngano zetu tu, paukwa pakawa! Siafiki. Katika ngano hadhira inaitikia, inaimba, inamsahihisha bibi akiruka kipande, lakini mwisho ni wa bibi. Hapa hadhira yenyewe ndiyo sungura, na sungura anaweza kufa katikati ya hadithi, na msimulizi hana la kufanya. Tofauti hiyo si ndogo. Inabadili kabisa mahali hofu inapokaa.

Mwangalie jinsi kila mchezo unavyoihesabu hofu. Call of Cthulhu inakupa akiba ya akili timamu, na kila ukijua jambo usilopaswa kujua, akiba inapungua. Hiyo ni hofu ya msomi aliye peke yake maktabani (na haiwezi kutenganishwa na Lovecraft, ambaye alichowaogopa zaidi ni watu wa rangi yetu kuliko hayo madude yake ya baharini). Mchezo wa Alien, uliotolewa na Fria Ligan wa Uswidi mwaka 2019, unafanya jambo la werevu: kila ukizidi kuogopa unaongezewa dadu, yaani hofu inakupa nguvu za kufaulu, mpaka moja katika dadu hizo ikitua kwenye 1 unaingiwa kiwewe. Kwa ukweli wa mwili, huo ndio ninaoupenda zaidi. Mothership ni mkali kuliko wote wawili. Unaanza na msongo 2, kila ukishindwa jambo unaongezewa 1, na kikifika kipindi cha kiwewe unatupa dadu ya pande 20. Ikitoa namba isiyozidi msongo wako, umekwisha, nenda kwenye jedwali.

Hapo kwenye jedwali ndipo penye udhaifu. Mwenzetu wa Ohio alikuwa askari, yuko ana kwa ana na lile dude, dadu ikamwangukia, na jedwali likatoa... jinamizi. Ati kuanzia sasa atakuwa akilala vibaya! Tulicheka, na utisho wa nusu saa nzima ukamwagika kama maji. Kumkabidhi dadu aamue mtu aogope namna gani ni uvivu wa mtunzi, na msimulizi mzuri angelitupa matokeo yale. Wetu hakulitupa.

Lakini bwana, kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Katika Mothership kuna kazi nne, na kila kazi inaambukiza. Mwanasayansi akishindwa kuishika akili yake, walio karibu wote wanaongezewa msongo. Askari akiingiwa na kiwewe, walio karibu lazima wapime hofu zao. Na ukiwa karibu na mtu-mashine, yule mwenye umbo la mwanadamu, hofu yako unaipima mara mbili na kuchukua matokeo mabaya zaidi. Ni kuli peke yake asiyemletea mwenzake balaa. (Niliyemchagua mie, na nilimchagua kwa sababu baba yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini.) Someni sheria hizo pole pole. Hazisemi neno juu ya zimwi. Zinasema mwenzako aliye karibu nawe ana gharama.

Hii ndiyo hofu ya filamu ya Alien ya mwaka 1979, na wengi hawaioni kwa sababu wanaliangalia jino. Kabla dude halijaonekana, Parker, aliyeigizwa na Yaphet Kotto, keshalalamika juu ya malipo: wao mafundi wa chini hupata nusu ya fungu wanalopata wenzao. Ni mabaharia wa mafungu! Sisi watu wa pwani tunaijua habari hiyo. Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait hadi Zanzibar mwaka 1938 na 1939, akaandika kitabu Sons of Sindbad kilichotoka 1940. Humo baharia analipwa fungu mwisho wa safari, ana deni kwa nahodha, na nahodha ana deni kwa tajiri aliye nchi kavu. Chombo kinaelea juu ya madeni kabla ya kuelea juu ya maji. Weka kampuni mahali pa tajiri, utakuwa umeshaielewa Mothership bila kufungua kitabu.

Basi turudi. Askari kaingiwa na kiwewe, sote tukapima. Mie sheria inataka nitupe chini ya namba yangu ya hofu, na kwa kuwa mpwa wangu alikuwa ndiye mtu-mashine na amesimama ubavuni pangu, nikatupa mara mbili nikachukua mbaya. Nikashindwa. Kumbukeni ilikuwa saa tisa usiku kwangu, kamera zimezimwa, nasikia pumzi za watu wanne kwenye vipaza sauti na dadu zisizo na mlio, maana kwenye kompyuta unabofya tu. (Nikiri kwamba nililikosa lile pigo la kete; bao bila mlio wa kete si bao.) Mpwa wangu akaeleza kwa Kiingereza safi, sauti kavu kama karani wa benki, kwamba askari yuko upande wa pili wa mlango, kwamba sisi watatu ni wengi kuliko yeye mmoja, na kwamba anafunga.

Nikapiga ukelele: "Usifunge!"

Kimya kidogo. Halafu kwa Kiswahili, cha Mombasa hasa, cha mama yake: "Mjomba, nishafunga."

Wallahi nywele zilinisimama. Sijui kama yule mwenzetu wa Ohio alielewa neno, lakini alielewa, kwa sababu hakuuliza kitu. Alikaa na kipaza sauti chake wazi, na sote tukamsikiliza akinyamaza.

Hakuna sheria iliyoandika dakika ile. Ilichofanya sheria ni kutusogeza karibu na kutuonesha bei ya ukaribu, ikatuacha. Ndiyo maana mchezo huu nauweka juu ya ule wa Alien, ingawa dadu za Alien ni za werevu zaidi: kule mimi ndiye ninayeogopa, hapa tunaogopana. Na ndiyo maana lile jedwali linaniudhi, maana linamrudisha kila mtu kwenye karatasi yake peke yake.

Lawama yangu ya mwisho ni ya lugha. Vyombo vyote mle ndani vinanuka malori ya Marekani. Sisi tuna nahodha, serahangi, baharia, ngama, deni na fungu, msamiati mzima wa watu waliofungiwa ndani ya mbao wakiwa na tajiri asiyeonekana, na hatujautumia kwa kazi hii hata siku moja.

Jumamosi ijayo tunacheza tena, mie nikiwa msimulizi, kwa Kiswahili. Mpwa wangu amekubali kwa sharti kwamba safari hii yeye awe kuli. Viti viwili viko wazi.