Kungu wa Ziwa Nyasa: hesabu iliyotazama juu tu

Ukiwa ufukweni Chiwanda siku kungu wanapoibuka, unaweza kudhani kuna kitu kinaungua katikati ya ziwa. Nguzo nyeusi inapanda, inayumba na upepo, na ikifika nchi kavu kila taa inazingirwa. Ni wadudu wanaofanana na mbu, ila hawaumi. Upande wa Malawi watu huwakanda na kuwapika. Livingstone alishawataja kitabuni mwake cha 1865.

Leo nataka kugombana na hoja moja iliyozaliwa na wingu hilo. Mwaka 1982, katika ripoti ya mradi wa FAO, Turner alidai hivi: viluwiluwi vya kungu vinakula zooplanktoni, yaani vile vijidudu vidogo vinavyoelea majini, halafu vinaota mabawa na kuruka zao. Chakula cha samaki kimepotea hewani. Ziwa Tanganyika halina kungu, lina dagaa. Basi, dagaa wa Tanganyika waletwe Nyasa.

Hoja tamu, nakiri. Na swali lililo nyuma yake ni zuri: mbona ziwa kubwa hivi linatoa samaki wachache kwenye maji ya mbali? Shida ni kwamba wingu linaonekana na kiluwiluwi hakionekani. Kiluwiluwi cha kungu ni kama mnyoo wa kioo, mwili wote unapitisha mwanga. Mchana kinajificha kwenye giza la chini, kuelekea kina cha mita 200 na zaidi ambako oksijeni inakaribia kuisha. Usiku kinapanda kula. Sasa ukihesabu mawingu, unahesabu walioponyoka tu. Walioliwa hawaruki!

Eccles alitoa tahadhari mapema, 1985. Kisha 1996 Allison, Irvine, Thompson na Mtanzania mwenzetu Ngatunga wakachapisha kazi ya kupasua matumbo ya samaki wa maji ya mbali, na humo viluwiluwi vya kungu vilikuwemo, tena si kwa bahati mbaya. Kumbe kungu ni ngazi ya kupandishia chakula kutoka kwa vijidudu hadi kwa samaki. Turner aliiona ngazi akaiita tundu. Na samaki mgeni akishaingia ziwani hatoki. Waulize wa Ziwa Victoria kuhusu sangara. Kule Kivu, dagaa hao hao walipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1986 Dumont aliandika kwamba zooplanktoni wakubwa wametoweka.

Lakini hata hao walioshinda mjadala nina neno nao. Kazi yao ilikuwa ya maji ya mbali, na majibu yake mengi ni wastani wa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Upepo wa mwera, Mei hadi Agosti, unavuruga maji na kupandisha rutuba hasa ncha ya kusini, si sawasawa kila mahali. Mvuvi wa Chiwanda anayetoka na taa usiku wa giza kutafuta usipa haulizi wastani. Anauliza mwezi gani, na umbali gani kutoka mwambani. Kwa hilo inatosha boti moja, wavu wa matundu madogo na mtu wa kuuvuta usiku, kila mwezi kwa miezi 12, kati ya Mbamba Bay na Chiwanda. Ni kazi ya shahada moja ya uzamili.