Watunza Kanda
Mtazamaji wa Mwanza anayekuta kwenye king'amuzi mchezo wa kuigiza uliokoma kurushwa zamani, mithili ya michezo ya kundi la Kaole iliyotamba kwenye kituo cha ITV, ana deni kwa watunza maktaba ya kanda, yaani hifadhi ya picha zilizorekodiwa kwenye utepe wa sumaku. Utepe huo huota ukungu kwa unyevu, hivyo fundi huupangusa taratibu, husafisha kwa spiriti kichwa cha mashine, ndiyo sehemu inayosoma picha, kisha huutazama wote, kwa kuwa kanda ya saa moja huchukua saa nzima kuhamishiwa kwenye kompyuta, na picha ikikatika huanza upya. Kazi hii ya uvumilivu mkubwa inastahili bajeti ya kudumu katika kila kituo, na mapema, kwani utengenezaji wa mashine za kuchezea kanda aina ya VHS ulikoma mwaka 2016.