Fundi Anayelingoja Swali

Mgeni anayeshukia Kabalagala, jijini Kampala, kutafuta nyumba ya mtu Kisugu haulizi namba ya kiwanja. Anamfuata mwendesha boda kwenye steji na kumwambia alichonacho: ni huku chini kuelekea Namuwongo, kabla ya kufika relini, kwa yule mama wa mapacha. Mganda angesema kwa Nnalongo. Mwingine hana habari za mapacha, anajua tu kwamba mwenye nyumba anauza makaa. Wote watatu wanashushwa kwenye mlango mmoja. Mwendesha boda hakuhitaji ramani. Anayajua majina ambayo watu huyatumia wanapouliza, na ameyakusanya kwa kusikiliza.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni ndugu wa huo: kuweka kisanduku cha kutafutia kwenye hazina ya maandishi ya mtu mmoja mtandaoni. Tuseme ni mkazi wa Kisugu ambaye kwa miaka kadhaa ameandika habari za vyakula vya Kampala, na sasa maandishi yamekuwa mengi hata yeye mwenyewe hayakumbuki yote. Kwa macho kazi ni ndogo. Unajiandikisha kwa kampuni yenye injini ya utafutaji, unapewa mistari michache ya msimbo, unaibandika mahali pake, kisanduku kinatokea. Google imekuwa ikiazimisha kisanduku cha namna hiyo tangu mwaka 2006. Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu hawaoni ufundi wowote. Kumbe kubandika ni kufungua duka tu. Biashara yenyewe haijaanza.

Injini haisomi maandishi yote kila inapoulizwa. Ilikwisha kuyapitia mapema, ikayakatakata maneno, na kwa kila neno ikaandika orodha ya mahali linapopatikana. Kazi hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1945, mjini Cairo, Muhammad Fuad Abd al-Baqi alitoa faharasa ya maneno ya Qurani yaliyopangwa chini ya mizizi yake, na hadi leo mwanafunzi anayekumbuka neno moja tu la aya huweza kuifikia aya nzima. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, aliongeza jambo ambalo injini za leo bado zinalitegemea: neno lina uzito kadiri lilivyo adimu. Kwenye hazina yetu neno “chakula” limo karibu kila mahali, kwa hiyo halimfikishi mtu popote. Neno “nsenene” limo katika maandishi machache ya msimu wa panzi, na anayeliandika anafika moja kwa moja.

Hapa ndipo kifaa cha kuazima kinapokutana na lugha ya wenyeji, na fundi anaanza kuhitajika. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, ili anayetafuta neno moja apate na ndugu zake. Injini nyingi zimelelewa katika mawazo hayo: neno hubadilika mwishoni. Kiswahili na Luganda hubadilisha kichwa vilevile, na mara nyingi zaidi. Mtoto akizidi mmoja anakuwa watoto. Omusawo, yaani daktari kwa Luganda, akizidi mmoja anakuwa abasawo. Kitenzi ndicho shida zaidi: anayeandika “pika” anataka pia nilipika, wanapika, hatujapika na aliyempikia, lakini injini isiyozoea inamletea “pika” tupu, kana kwamba watu wote hapa huongea kwa kuamrishana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katikati ya miaka ya 1980 kutengeneza programu inayolifungua neno la Kiswahili kiungo kwa kiungo. Kazi kama hiyo haipatikani ndani ya kila kisanduku cha bure.

Fundi asiye na programu hiyo ana ujanja mwingine: kulikata neno vipande vya herufi tatutatu. “Mtoto” anatoa mto, tot na oto; “watoto” anatoa wat, ato, tot na oto. Vipande viwili vinalingana, na hiyo inatosha kuwatambua kuwa ni jamaa. Ujanja huu una gharama yake, kwani vipande vya “moto” navyo vitajipenyeza. Fundi anapima: afadhali muulizaji apate maandishi kumi yakiwemo mawili yasiyohusika, au apate matatu na kukosa moja linalohusika? Kwenye maktaba kubwa ya sheria jibu lingekuwa gumu. Kwenye maandishi ya chakula, afadhali mengi.

Kisha linakuja suala la majina, ambalo hakuna kanuni ya Cambridge wala ya Helsinki itakayolimaliza. Kisugu ule mlo wa unga wa mahindi unaitwa posho. Mkenya anautafuta kwa jina la ugali au sima, Mkongomani kwa jina la bugali, Mganda kwa kawunga. Mtanzania naye akiandika “posho” huenda anatafuta fedha za safari ya kikazi, akashangaa kuletewa sufuria na mwiko. Tahajia nayo ina yake. Luganda kiliwekewa tahajia rasmi mwaka 1947, lakini barabara ileile ni Ggaba kwa mmoja na Gaba kwa mwenziwe, na panzi wetu ni nsenene leo, ensenene kesho. Orodha ya majina kama haya haiuzwi. Mwenye hazina anaiandika mwenyewe, jina kwa jina, kisha anaifundisha injini ngeni kwamba yote haya ni mlango mmoja.

Atayajuaje? Kwa kusoma daftari la maswali yaliyorudi mikono mitupu. Kisanduku kizuri huhifadhi maneno yaliyoandikwa bila kupata jibu, na fundi mwenye bidii hulifungua daftari hilo mara kwa mara. Akikuta watu wametafuta “chapati mayai”, anatambua kwamba yeye ameandika “rolex” kila mahali na kumwacha nje mgeni asiyejua kwamba Kampala rolex huliwa. Sijui kazi nyingine ya uandishi inayomwonyesha mwandishi kwa uwazi hivyo ni nani amekuja mlangoni na kuondoka bila kitu.

Lakini daftari hilo linataka adabu. Agosti 2006 kampuni ya Marekani ya AOL iliweka hadharani maswali ya watumiaji wake wapatao 650,000, ikiwa imeondoa majina na kuweka namba. Baada ya siku chache waandishi wa The New York Times walikuwa wamempata mmoja wao kwa kusoma tu alichokuwa akikitafuta. Swali humtaja muulizaji. Anayetafuta chakula cha mgonjwa wa kisukari amekwisha kusema kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Kisanduku cha kuazima hupeleka siri hiyo kwenye seva ya watu wengine, na mara nyingine hurudi na matangazo ya biashara. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, ila fundi muungwana hangojei sheria: anahifadhi neno na kuacha aliyeliuliza, na anasema wazi swali linakwenda wapi.

Yapo na mambo ya mfuko. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kisanduku kizito kinamlipisha muulizaji kabla hajajibiwa. Na wahenga walikwisha kusema nguo ya kuazima haisitiri matako: mwaka 2018 Google iliifunga Site Search, huduma yake ya kulipia ya aina hiyohiyo, na waliokuwa wameiegemea wakatafuta pengine. Simlaumu anayeazima. Hakuna mtu mmoja atakayejenga injini nzima peke yake. Ila orodha ya majina na daftari la maswali aviweke kwake nyumbani, visiwe sehemu ya mkopo. Injini ikiondoka, atabandika nyingine na kuifundisha upya kwa siku chache.

Kwa hiyo anayetaka kuweka kisanduku leo asianze na msimbo. Aanze na karatasi. Achague maandishi yake kumi, na kando ya kila moja aandike majina yote ambayo jirani, mgeni, mpishi na mtoto wa shule wangeyatumia kuliulizia. Pale atakaposhindwa kupata hata jina la pili, atoke akaulize, kwani kuuliza si ujinga. Mtu anayesema amewaandikia watu, na posho yake haipatikani kwa jina la ugali, ameliandikia kabati.