Chombo na Mwenye Chombo

Kila fundi hujulikana kwa kazi yake, lakini kazi yenyewe aghalabu hutegemea chombo alichokishika. Seremala mwenye randa butu hutoa ubao wenye makovu, hata kama mkono wake una ustadi mkubwa. Liko, walakini, swali jingine ambalo watu wapimao vyombo husahau kuliuliza, nalo ni hili: randa ni ya nani? Kama ni ya jirani, seremala hana budi kujua mapema jirani atadai nini siku atakapoona kabati limeuzwa kwa bei nzuri. Katika insha hii twakusudia kupima vyombo vitatu vya kutengenezea michezo ya kompyuta, yaani Unity, Unreal na Godot, kwa maswali yote mawili. Na tutaonyesha kwamba kwa fundi wa kujitegemea swali la pili ndilo zito zaidi.

Chombo cha namna hii huitwa injini ya michezo. Mtu achezapo mchezo katika kompyuta au simu huona askari akikimbia, ukuta ukimzuia, jiwe likianguka na sauti ikilia. Nyuma ya mambo hayo ziko hesabu nyingi: za kuchora picha mara 30 au 60 katika kila sekunde, za kujua kwamba vitu viwili vimegongana, za kupokea amri ya kidole. Injini ni programu iliyokwisha kuandaliwa kwa hesabu hizo, ili mtunzi apate nafasi ya kufikiri juu ya mchezo wenyewe. Fundi wa kujitegemea, yaani mtu mmoja au kundi dogo lisilo na kampuni kubwa ya kuligharimia, huihitaji injini kuliko mtu yeyote, kwa maana hana fedha wala miaka ya kujitengenezea yake.

Tuanze na Unity, iliyoenea sana kati ya mafundi wadogo. Ilizaliwa Copenhagen, Denmark, kwa vijana watatu waliotunga mchezo ulioitwa GooBall. Mchezo ule haukupata wanunuzi wa kutosha, lakini wenyewe waling'amua kwamba chombo walichoutengenezea kilikuwa na thamani kuliko mchezo; wakakitoa kwa watu mwaka 2005. Sifa yake kubwa ni kwamba mchezo uliotungwa mara moja waweza kupelekwa katika simu, kompyuta na mashine za michezo bila kuandikwa upya wote. Cuphead, mchezo wa 2017 ambao picha zake zilichorwa kwa mkono, ulitengenezwa kwa Unity; kadhalika Hollow Knight wa mwaka huohuo, kazi ya kundi dogo la Adelaide, Australia. Dosari yake ni wingi wa njia. Kwa kuchora picha peke yake injini hii imekuwa na taratibu kadhaa zilizo mbalimbali, na mwanafunzi husimama njia panda kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Unreal ni ya kampuni ya Epic Games ya Marekani, nayo ilipata jina lake kwa mchezo uliotoka mwaka 1998. Hii ni injini ya fahari. Nuru ipenyayo dirishani, ngozi ya uso, vumbi la barabara, vyote huonekana kana kwamba vimepigwa picha. Mwaka 2025 kundi la Sandfall Interactive la Montpellier, Ufaransa, lilitoa Clair Obscur: Expedition 33 kwa injini hii, na watu wengi walistaajabu kuona kundi la watu wachache likisimama bega kwa bega na makampuni makubwa. Lakini fahari ina uzito wake. Unreal huchukua makumi ya gigabaiti katika kompyuta, nayo hutaka mashine yenye nguvu. Lugha yake, C++, ni ngumu kwa anayeanza, ijapokuwa iko njia nyepesi, iitwayo Blueprint, ya kuunganisha amri kwa michoro badala ya kuziandika.

Godot ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, na jina lake latoka katika tamthilia ya Samuel Beckett. Mwaka 2014 waanzilishi hao waliyaweka maandishi yote ya programu yao wazi mbele ya ulimwengu, ikawa programu huria. Mzigo wake haufiki megabaiti 200, jambo lisilo dogo kwa kijana wa Kenya anunuaye intaneti kwa kipimo na kutumia kompyuta ya zamani. Lugha yake, GDScript, husomeka upesi. Dome Keeper wa mwaka 2022 na Brotato wa mwaka 2023 ni ushahidi kwamba michezo iliyotoka katika injini hii hupata wapenzi wengi. Upungufu wake ni katika michezo mikubwa yenye picha za pande tatu, ambamo Unreal huiacha mbali.

Kama tungekoma hapa, hukumu ingekuwa nyepesi: Unreal kwa utukufu wa picha, Unity kwa wepesi wa kufika sokoni, Godot kwa urahisi wa kujifunza. Hukumu ya namna hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu, kwa kuwa hupima chombo siku ya kupanda, haikipimi siku ya mavuno. Mambo yaliyotukia mwaka 2023 yaliudhihirisha upungufu huo.

Tarehe 12 Septemba mwaka huo kampuni ya Unity ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ingetoza ada kila mara mchezo utakapowekwa katika simu au kompyuta ya mchezaji. Katika daraja la chini la leseni, ada ilikuwa senti 20 za dola kwa kila mara, baada ya mchezo kupata dola 200,000 katika miezi 12 na kuwekwa mara 200,000 tangu ulipotolewa. Natuifanye hesabu. Mtu ametoa mchezo wa bure unaolishwa na matangazo, naye amepata dola 250,000 katika mwaka mmoja. Ikiwa baada ya kuvuka mpaka ule watu 1,000,000 wengine wangeuweka katika simu zao, deni lake kwa ada ya daraja hilo lingekuwa dola 200,000. Ada ile haikuuliza watu hao walimletea nini; iliuliza idadi yao tu. Neema ya kupendwa na watu ingegeuka kuwa msiba.

Hata hivyo fedha haikuwa jeraha kubwa kuliko yote. Ada ingeigusa pia michezo iliyokwisha kutolewa, kazi za watu waliokubali masharti mengine. Nayo kampuni hiyohiyo ilikuwa imewaambia mafundi mwaka 2019 kwamba waweza kubaki na masharti ya toleo walilokuwa wakilitumia. Mtu aliyetumia miaka minne ya ujana wake kutunga mchezo mmoja hawezi kuung'oa katika injini yake kama mtu avuavyo shati. Mara nyingi hana budi kuuandika upya. Basi masharti yakigeuzwa katikati ya safari, abiria yumo baharini tayari, na pwani ziko mbali.

Kelele zilikuwa kubwa. Tarehe 22 Septemba kampuni ilipunguza makali ya tangazo lake. Mwezi wa Oktoba mkuu wake, John Riccitiello, akaondoka. Na Septemba 2024 ada ile ilifutwa kabisa kwa watunzi wa michezo, ingawa bei za leseni za kulipia zilipandishwa kuanzia 2025. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wanywaji wakiinuka wote kwa pamoja, mgema naye hujifunza. Wengine hawakungoja. Kampuni ya Re-Logic, iliyotunga Terraria, iliipa Godot dola 100,000, ijapokuwa mchezo huo haukutengenezwa kwa Godot. Watunzi wa Slay the Spire waliihamishia Godot kazi yao ya pili, juu ya jasho jingi lililokwisha kumwagika.

Unreal hutoza kwa njia nyingine. Dola 1,000,000 za kwanza za kila mchezo hazina mrabaha. Zinazozidi hutozwa 5 kwa 100. Mchezo uliopata dola 1,200,000 hulipa basi dola 10,000. Kodi hii hufuata mavuno, haifuati idadi ya wageni waliopita shambani, na kwa hiyo twaiona kuwa na haki zaidi kuliko ile iliyofutwa. Lakini yafaa msomaji atazame punguzo lililoanza mwaka 2025: mrabaha hushuka hadi 3.5 kwa 100 kwa mchezo utakaotolewa katika duka la Epic siku ileile utolewapo katika maduka mengine. Mwenye shamba amepunguza kodi, naye papo hapo amekuonyesha njia iendayo kwenye soko lake.

Leseni ya Godot humruhusu mtu kuitumia injini, kuibadili na kuuza kazi yake bila kutoa hata senti moja. Sharti lake ni kuhifadhi tu tangazo la hakimiliki. Hata wenyewe wakichoka kesho, maandishi yake yamebaki mikononi mwa watu. Jambo hilo si dogo. Eric Barone alitunga Stardew Valley peke yake kwa kutumia XNA, chombo cha Microsoft ambacho kampuni iliacha kukiendeleza mwaka 2013, kabla mchezo haujatoka mwaka 2016. Hatimaye mwaka 2021 mchezo huo ulihamishiwa MonoGame, programu huria iliyofuata nyayo za XNA. Mwenye mali alipoondoka, umma ulikuwa umekwisha kuwasha taa nyingine.

Haki, lakini, yatutaka tuseme gharama za uhuru huo. Makampuni yauzayo mashine za michezo huficha siri za mashine zao kwa mikataba, na siri haziwezi kuandikwa katika programu iliyo wazi. Kwa hiyo mwenye kutumia Godot hana budi kujitengenezea njia mwenyewe au kuajiri wengine wampeleke huko. Tena toleo la 4 lilipotoka mwaka 2023, kazi nyingi za toleo la 3 zilidai kuandikwa upya. Tofauti ni kwamba hapana aliyelazimishwa: toleo la zamani lipo hata leo, na masharti yake ni yaleyale.

Hukumu yetu ni hii. Kundi lenye mashine bora na nia ya kuchora ulimwengu kama ulivyo, na lichague Unreal likiijua kodi yake. Anayelenga simu na mashine nyingi kwa wakati mmoja bado atapata msaada mkubwa katika Unity, ila asome mkataba wa toleo lake na kuuhifadhi. Lakini kwa kijana anayeanza, mwenye kompyuta dhaifu na mfuko mwepesi, Godot ndiyo tunayoitanguliza, si kwa sababu huchora vizuri kuliko nyingine, bali kwa sababu hapana mtu awezaye kumnyang'anya kesho alichopewa leo. Na yeyote achaguaye, asisahau kwamba hadithi, michoro, nyimbo na sheria za mchezo ni mali yake mwenyewe. Azitunze mahali pake, mbali na injini, ili siku mwenye chombo atakapodai kisichodaika, fundi aweze kuondoka na kazi yake mkononi.