Ukingo wa Mstari: Kolo na Mhuri wa Molekuli

Ukitoka Babati kwa barabara ya Dodoma, kabla hujafika Kondoa utapita Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Fani yake ni ya mstari: watu wekundu, wembamba, warefu kupita kiasi. Wachoraji wa baadaye walikuja na rangi nyeupe na mikono mizito, na mahali pengine wakachora juu ya waliotangulia. Mwamba haukatai. Unapokea tabaka juu ya tabaka.

Uso wa dhahabu una masharti mengine. Mwaka 1993, Amit Kumar na George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza mbinu ya kuchapa dhahabu kwa mhuri wa mpira wa silikoni. Wino wake ni molekuli zenye kichwa cha salfa na mkia wa kaboni. Salfa hung'ang'ania dhahabu. Mikia hujipanga yenyewe, yote ikiinamia upande mmoja. Utando unaopatikana una unene wa nanomita 2 hivi. Dhahabu ikishajaa, molekuli inayochelewa haina pa kushika. Fani hii haina tabaka la pili.

Mchoraji wa Kolo aliamua kila mstari. Mwenye mhuri huamua mipaka tu. Kilichomo ndani hupangwa na wino wenyewe. Na sehemu isiyochapwa ina uzito sawa na iliyochapwa: kipande kikizamishwa katika sayanidi, kemikali ileile ya wachenjuaji wa dhahabu, dhahabu iliyo uchi huyeyuka na iliyofunikwa hubaki. Mchoro umekuwa njia ya umeme.

Udhaifu wa mbinu hii uko ukingoni. Wino hutambaa nje ya alama, na mpira laini hubonyea. Mistari ikishasogeleana kufikia nanomita 100 hivi, mtambao huo hula nafasi iliyo kati yake. Mstari wa Kolo ukiyumba, mnyama hubaki mnyama. Kwenye dhahabu, mistari miwili ikigusana ni shoti.

Kwa hiyo wembamba wa utando, unaosifiwa mno, si kipimo cha ufundi: molekuli huupata zenyewe bila kufundishwa. Ufundi upimwe ukingoni, mahali pekee ambapo nia ya mchapaji hushindana na tabia ya wino. Hadi sasa, wino haujashindwa kabisa.