Swali ambalo Ngoswe hakumuuliza Mazoea

Rafiki yangu anafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya kata. Mwezi uliopita alinialika nikaangalie Kidato cha Tatu wakiigiza "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe" ya Edwin Semzaba. Nilikwenda kwa kumstahi tu. Kitabu hiki nimekisoma, nimekifundisha tuisheni, na kama wengi wenu naweza kukitoa kichwani hoja kwa hoja: uzembe kazini, ulevi, mapenzi, nafasi ya mwanamke. Nilidhani sina jipya la kuona.

Jukwaa lilikuwa meza za bwalo zilizounganishwa, pazia ni khanga mbili na kamba. Kasoro zilikuwapo, tusifichane. Nusu ya waigizaji walizungumza na ukuta. Kila onyesho likiisha tulikaa tukisikiliza madawati yakiburutwa. Na kijana aliyecheza Mitomingi aligundua mapema kwamba ulevi unachekesha, basi akalewa hata pale ambapo mzee hajagusa pombe.

Lakini kuna jambo lilitokea katikati, na ndilo lililonifanya niandike.

Wiki mbili kabla, mwalimu mmoja mwenye sauti kubwa pale shuleni alisema mambo ya Ngoswe na Mazoea hayana maadili. Wasigusane, na maneno ya kutongozana yatolewe. Rafiki yangu alitaka kuacha kabisa, na namwelewa. Ukiondoa penzi, unabaki na karani aliyetumwa kijijini kuhesabu watu akazembea tu, bila sababu. Hata jina la tamthilia linakosa maana. Wanafunzi wakamwambia, "Mwalimu, tuachie sisi."

Walichofanya ni hiki. Ngoswe alikaa na daftari lake la sensa, Mazoea akakaa mbali naye, madawati mawili katikati. Ngoswe akaanza kuuliza. Jina? Umri? Unajua kusoma na kuandika? Watoto hawa waliwaona makarani wa sensa ya 2022 wakipita nyumbani kwao na vishikwambi, kwa hiyo ule mwendo wa maswali wanaujua. Ila kila swali lilikuja polepole kuliko lililotangulia, mpaka kalamu ikasimama. Ngoswe akafunga daftari kabla hajaandika jibu la mwisho. Bwalo zima kimya. Hakuna aliyemgusa mtu, na sote tulijua kazi ya serikali imekwisha pale.

Jamani, mimi nimewaandikisha wanafunzi mara ngapi kwamba Mazoea "amechorwa kama kishawishi"? Pale bwaloni niliona msichana anayeulizwa kila kitu kumhusu isipokuwa anachotaka. Karani hakuuliza, baba yake hakuuliza. Mitomingi alipokuja kuziangamiza zile karatasi kwa hasira (moto ulikatazwa, akazirarua ndani ya karai), nilifikiria kwamba humo ndani limo na jina la binti yake.

Kuna watakaosema huyo si Semzaba, ni wanafunzi wameongeza yao. Ni kweli wameongeza. Lakini uzembe wa Ngoswe umebaki palepale, tena unaonekana kwa macho: daftari linafungwa. Kilichopotea ni ucheshi wa maneno, ile mikogo ya kijana wa mjini anayejiona mjanja mbele ya binti wa kijijini. Hasara hiyo ni kubwa, na sitaki mtu atoke hapa akisema makatazo yamewasaidia. Watoto wale walikuwa na akili hiyo kabla ya makatazo. Wangepewa tamthilia nzima, sijui wangetufikisha wapi.

Baada ya onyesho nilimuuliza aliyecheza Mazoea kwa nini muda wote ule aliitazama kalamu, hakumtazama Ngoswe hata mara moja. Akajibu, "Nilikuwa nasubiri aulize swali ambalo halipo kwenye karatasi."

Rafiki yangu aliniambia pembeni kwamba msichana huyo uhakiki unampiga chenga, kwenye majaribio huwa hafiki hata nusu ya alama. Akaniambia pia kwamba muhula ujao kipindi cha maigizo kinaondolewa, kitatumika kwa mazoezi ya mtihani. Mtihani wenyewe tunaujua: hoja tatu kutoka kila kitabu, mifano, hitimisho.

Siubezi mtihani. Nami umenilisha. Ila tamthilia imeandikwa ili watu wasimame waiseme kwa miili yao, na anayeisoma akiwa ameketi mwaka mzima anaweza kupata alama zote na bado asijue Mazoea alikuwa anasubiri nini. Mimi sikujua, na nimekifundisha kitabu hiki miaka sita. Kama unafundisha mahali, kabla hujawaandikisha hoja za Ngoswe, sogeza madawati kwanza. Dakika arobaini zinatosha.